Vizimba Ndiyo, Mapanga Hapana

Mzee alisimamisha gari kwenye mwinuko, kama unaweza kuuita mwinuko, maana Frøya, pwani ya Norwei, ni kisiwa ambacho hakina hata kilima kinachofika mita 100. Miti ya kukuziba macho ni ya kutafuta. Ukitazama baharini unaona vizimba vya kufugia samaki aina ya samoni, duara baada ya duara, vimepangwa majini kwa safu. Ukigeuza shingo upande wa nchi kavu unaona mitambo ya upepo, mirefu na myeupe, mapanga yake yakizunguka bila haraka.

Akanyoosha kidole baharini. "Vile ni vyetu."

Akakihamisha kidole. "Ile ni yao."

Basi. Akawasha gari, akaendelea kutusimulia bei ya kaa mwaka huu.

Mzee huyo ni mvuvi mstaafu, jirani wa rafiki yangu Mkongomani aliyenialika kisiwani. Kinorwei chake ni cha visiwani na changu ni cha mitaa ya Trondheim, kwa hiyo kila neno moja nililolidaka mawili yaliniponyoka. Ila hayo ya vyetu na yao niliyasikia vizuri. Nikarudi nayo nyumbani, na kwa wiki kadhaa yakawa yananijia nikiwa kwenye basi, nikiwa jikoni, nikiwa nimeshazima taa.

Kwa sababu ukihesabu kwa hesabu za kawaida, mzee amegeuza mambo juu chini. SalMar, kampuni kubwa ya samoni pale Frøya, iko kwenye soko la hisa la Oslo tangu 2007. Mtu yeyote mwenye pesa, awe Oslo au London, anaweza kununua kipande chake. Kampuni iliyousukuma mradi wa upepo, TrønderEnergi, ilimilikiwa kwa sehemu kubwa na manispaa za mkoa huohuo wa Trøndelag. Mali ya umma, kwa maana ya kawaida kabisa.

Iweje ya soko la hisa iwe "yetu" na ya umma iwe "yao"?

Chini ya bahari, halafu tena chini ya bahari

Kutoka Trondheim unakwenda kwa basi. Kwanza linazama kwenye handaki la Hitra, mita 264 chini ya usawa wa bahari, masikio yanaziba. Unakivuka kisiwa cha Hitra, halafu handaki la pili, la Frøya, kilomita 5.3, mita 164 chini. La kwanza lilifunguliwa 1994, la pili 2000. Kabla ya hapo ilikuwa kivuko, na kivuko kina ratiba yake na bahari ina hasira zake.

Manispaa ya Frøya si kisiwa kimoja. Ni zaidi ya visiwa na miamba 5,000, vingi havina mtu. Makao makuu ni Sistranda, kwenye kisiwa kikubwa. Nje zaidi kuna Mausund na Sula, na kaskazini mashariki kuna mnyororo wa Froan, hifadhi ya asili ya ndege na sili, unaoishia Halten penye mnara wa taa. Wakazi wote wa manispaa ni zaidi kidogo ya 5,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa takriban 4,000, na kwa Norwei hiyo si kawaida. Visiwa vya nje kama hivi kwa kawaida huhamwa.

Wao wameongezeka. Sababu ni samaki aliyefungiwa, na kabla hujaanza kumsema vibaya huyo samaki wa kufungwa ni vizuri ukafika Titran.

Watu 140

Titran iko ncha ya magharibi. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Oktoba 1899 dhoruba iliwakuta wavuvi nje na mashua zao ndogo. Wakafa watu 140, usiku mmoja. Waliozama hawakuwa wa Frøya peke yao, maana msimu wa samaki ulivuta watu kutoka sehemu nyingi za pwani. Hata hivyo msiba ulikaa pale.

Mimi ni mtoto wa Mafia, najua nyumba ambayo inasikiliza upepo usiku wakati baba yuko nje. Kwa hiyo mzee aliposema vizimba ni vyetu, nilifikiri nimemwelewa: kwa mara ya kwanza katika historia ya kisiwa, bahari inakulisha na jioni unarudi nyumbani. Mtoto wa mvuvi anakwenda kazini saa moja asubuhi kwa boti yenye kipasha joto, analisha samaki, anarudi kula chakula cha mchana na mkewe. Hakuna haja ya kumiliki hisa ili kitu kama hicho ukiite chako.

Jibu zuri. Nililala nalo siku mbili tatu nikiwa nimeridhika.

Mwaka ambao hausemwi

Halafu nikaanza kusoma jinsi vizimba vilivyofika, na jibu langu likalegea.

Ufugaji wa samoni kwa vizimba kama tunavyoujua ulianzia jirani, Hitra, mwaka 1970, kwa ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt walioweka vifaranga vya samoni majini. Serikali ilipoanza kutoa leseni 1973, ilitaka kazi hii iwe ya watu wa pwani wenyewe: wenye mashamba madogo, wavuvi, mwenyeji na kizimba chake. Sheria ililinda umiliki wa wenyeji. Na leseni zilitolewa bure. Kwa miaka mingi serikali haikudai ada yoyote, mpaka 2002.

Kisha ukaja 1991. Soko lilikuwa limefurika samoni, bei imeanguka, na chama cha mauzo cha wafugaji kikafilisika. Mwaka huohuo sheria ikalegezwa, sharti la mwenye leseni kuwa mwenyeji likaondolewa. Na mwaka huohuo tena, pale Frøya, Gustav Witzøe akaanzisha SalMar kwa kununua leseni moja na kiwanda cha samaki cha kampuni iliyofilisika.

Kwa hiyo vizimba vilikuwa vya wenyeji kisheria mpaka 1991. Baada ya hapo vikawa vya anayeweza kununua. Ikatokea kwamba aliyeweza kununua alikuwa mtu wa pale, akabaki pale, akajenga kiwanda kikubwa pale, na makao makuu ya kampuni hayakuhamia Oslo. Bahati ya Frøya, ukipenda. Ziko manispaa za pwani zilizobaki na vizimba tu majini, huku samaki anachinjwa kwingine na maamuzi yanafanywa kwingine.

Ile "vyetu" ya mzee, basi, imesimama juu ya mtu mmoja kuamua kutohama.

Hapo ndipo nilipoanza kupata mashaka.

Kura mbili

Sasa upepo. Nilidhani kisa chake kitakuwa chepesi: kampuni ilikuja, haikuuliza mtu, watu wakakasirika. Ningeandika makala fupi na kulala.

Sivyo. Waliulizwa.

Mwaka 2005 Frøya ilipiga kura ya maoni kuhusu mitambo ya upepo, na wengi, kwa wingi mdogo, wakasema ndiyo. Mradi ukaingia kwenye mitambo ya serikali kuu, ambayo nayo huzunguka polepole. Leseni ikapatikana. Miaka ikapita. Magreda yalipofika Aprili 2019, watu walipiga kambi kwenye eneo la ujenzi, wakalala pale, wakajipanga barabarani. Ikaitishwa kura nyingine ya maoni na safari hii karibu asilimia 80 ya waliopiga walisema hapana. Baraza la madiwani likajaribu kuusimamisha mradi. Wakubwa wa juu wakasema uamuzi huo hausimami, leseni ni ya taifa. Mitambo 14 ikajengwa, kila mmoja karibu mita 180 mpaka ncha ya panga, kwenye kisiwa ambacho kilima chake kirefu hakifiki nusu ya hapo.

Hapo ndipo nilipokwama kwa wiki nzima. Ridhaa ina umri?

Ukinijibu haraka kwamba ndiyo, kura ya 2005 ilishakufa, nitakuuliza: na barabara? Na handaki? Na vizimba vyenyewe, ambavyo kila kimoja kiliruhusiwa na baraza fulani la zamani ambalo nusu ya madiwani wake wako makaburini? Kama kila kizazi kitafungua upya mafaili yote, hakuna kitakachojengwa. Lakini ukinijibu kwamba ahadi ni ahadi, nitakuonyesha kijana aliyekuwa na miaka minne mwaka 2005, na sasa ndiye atakayeishi na mapanga hayo dirishani. Tena mtambo ambao mtu aliufikiria 2005 haukuwa na kimo hiki. Katika miaka hiyo kumi na minne mitambo ya upepo duniani kote ilirefuka sana.

(Kwetu Mafia hifadhi ya bahari ilitangazwa 1995. Wapo wazee wa Jibondo ambao mpaka leo ukitaja mpaka wa hifadhi wanakunja uso. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akisema hifadhi ni mbaya. Wanachosema ni kwamba karatasi ilifika ikiwa imeshaandikwa. Naacha hapo, hiyo ni makala nyingine.)

Tofauti niliyoiona mwishowe ni hii. Kwa vizimba, manispaa bado ina neno. Sheria ya mipango ya Norwei inaipa manispaa mamlaka ya kupanga matumizi ya bahari mpaka maili moja ya bahari nje ya mstari wa msingi wa pwani. Ni madiwani, watu unaokutana nao dukani ukinunua maziwa, wanaoamua hapa pawekwe vizimba, hapa wabaki wavuvi, hapa wapite sili. Leseni inatoka juu, lakini bila eneo kwenye mpango wa manispaa, leseni haina maji ya kukaa. Kwa hiyo kampuni ya samaki, hata iwe tajiri namna gani, inabidi irudi ukumbini Sistranda kila inapotaka kusogea. Mtambo wa upepo ukishasimikwa haurudi kumwomba mtu kitu.

Nadhani mzee alikuwa anasema hivyo. Kwake "chetu" ni kile ambacho mwenyewe bado analazimika kuja kuzungumza na wewe.

Na kuna pesa, tusijifanye watakatifu. Mwaka 2019 mtambo wa upepo uliletea manispaa kodi ya majengo na ajira chache mno mara ujenzi ukiisha. Tozo ya uzalishaji wa upepo inayokwenda kwa manispaa ilianza 2022, watu wakiwa wameshalia na mapanga yameshazunguka.

Asilimia 40

Nilipofika hapa nikaona nimemaliza. Halafu nikakumbuka Septemba 2022.

Tarehe 28 mwezi huo waziri mkuu Jonas Gahr Støre na waziri wa fedha Trygve Slagsvold Vedum walisimama mbele ya kamera na kutangaza kodi mpya ya rasilimali kwa ufugaji wa samoni: asilimia 40, juu ya kodi ya kawaida ya kampuni ya asilimia 22. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza. Faida hii kubwa haitokani na ujanja wa kampuni peke yake, inatokana na maji safi ya baridi, mikondo, na fjordi, yaani ghuba ndefu nyembamba, zilizojikinga na mawimbi, na hivyo havikuumbwa na mwenye hisa. Bahari ni ya Wanorwei wote. Mafuta yametozwa hivyo, umeme wa maji umetozwa hivyo, kwa nini samaki asitozwe?

Hisa za kampuni za samoni ziliporomoka siku hiyohiyo. Baada ya wiki chache mamia ya wafanyakazi wa viwanda vya pwani wakapata barua za kusimamishwa kazi kwa muda. Kampuni zilisema kodi ndiyo sababu. Serikali ilisema ni vitisho.

Ukiniuliza mimi, serikali ilikuwa na haki kwenye msingi. Kitu kilichotolewa bure miaka ya sabini na themanini sasa kina thamani ya mabilioni. Mwaka 2023 Norwei iliuza nje samoni wa zaidi ya krone bilioni 120. Kusema jamii idai fungu si ukomunisti.

Lakini angalia nani aliambiwa "bahari ni ya wote". Kodi ya kampuni Norwei huenda serikali kuu. Manispaa yenye vizimba inategemea sana kodi ya mapato ya wakazi wake na kodi ya majengo, huku shule, zahanati, nyumba za wazee, maji na chekechea zote zikiwa juu yake. Ndiyo maana ukaanzishwa mfuko wa ufugaji wa baharini mwaka 2016: kampuni ikinunua haki ya kuongeza uzalishaji, asilimia 80 ya pesa ikaenda kwa manispaa na mikoa ya pwani. Mwaka 2018 ziligawanywa takriban krone bilioni 2.7. Miaka michache baadaye Bunge likalikata fungu hilo. Pwani ikaahidiwa, ikaonja, ikapunguziwa. Halafu mtu huyohuyo anakuja na kodi mpya anasema ni kwa manufaa yako.

Kodi ilipita tarehe 31 Mei 2023 kwa asilimia 25, ikihesabiwa kuanzia Januari ya mwaka huo, na kila kampuni ikaachiwa krone milioni 70 za kwanza za faida bila kutozwa. Kila upande ulinung'unika. Nilichokishangaa ni ile picha ya pwani wakati wa mabishano: tajiri mkubwa na mfungasha samaki wamesimama upande mmoja, wakimtazama waziri wa fedha kama mgeni aliyekuja kuchota kisimani kwao.

Hisia ya "vyetu" inaweza kumtumikia mwenye hisa vizuri kuliko wakili yeyote.

Na vizimba navyo si malaika. Vina chawa wa samaki wanaowavamia samoni wa mtoni wakipita kwenda baharini, na vinatorosha samaki wanaochanganya damu na wale wa asili. Tangu 2017 pwani imegawanywa kanda 13 zinazopewa rangi kama taa za barabarani: kijani unaongeza, njano unabaki hapohapo, nyekundu unapunguza, kipimo kikiwa ni chawa. Kiangazi cha 2024 mito 33 ilifungwa kwa uvuvi wa samoni kwa sababu wa asili walikuwa wachache kupita kiasi. Chanzo si vizimba peke yake, lakini vimo. Mto uko bara, na watu wa mtoni hawapigi kura Sistranda. Wao pia wangeweza kunyoosha kidole baharini wakasema "ile ni yao".

Zamu ya usiku

Haya yote nilimmwagia rafiki yangu kwa simu, jioni moja. Yeye ni mtu wa Uvira, alipokewa Norwei kama mkimbizi na familia yake, na sasa anafanya kazi ya kufungasha samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu:

"Ndugu yangu, weye unauliza bahari ni ya nani. Mie nauliza usiku ni wa nani."

Kimya changu kikamfanya aendelee. Zamu yake, akasema, kuna Walithuania, kuna Wapoland, kuna yeye. Wenyeji wapo, wengi kwenye boti, ofisini, kwenye ufundi. Kwenye mkanda ambako samaki wanapita, lugha unayoisikia kwanza si Kinorwei. Kisiwa kimeongezeka watu, ni kweli, na ukitaka kujua wameongezeka akina nani, simama mlangoni zamu zinapobadilishana.

Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa juu ya neno "vyetu" bila kuuliza "sisi" ni nani.

Nikamuuliza kama mzee jirani anamhesabu. Akacheka. Akasema mzee humletea samaki, humsaidia fomu za serikali, na siku moja alimtolea gari lake kwenye theluji bila kuombwa. "Ananihesabu. Lakini hajui kama ananihesabu kwa samaki ama kwa upepo."

Sina jibu la hilo. Ila kuna kipengele kimoja cha sheria ambacho tangu siku hiyo nimekipa uzito mwingine. Norwei, kwenye uchaguzi wa Bunge lazima uwe raia. Kwenye uchaguzi wa manispaa, mgeni aliyekaa nchini kihalali miaka mitatu mfululizo anapiga kura, na anaweza kugombea. Imekuwa hivyo tangu miaka ya themanini. Maana yake, Mlithuania wa mkanda na Mkongomani wa zamu ya usiku, ambao hawana sauti hata chembe juu ya kodi ya asilimia 25, wana sauti kamili juu ya ile maili moja ya bahari. Mpango wa vizimba ni wao pia kuuchora, kama wakitokea.

Wageni wengi hawatokei. Wamechoka, wanadhani haiwahusu, au mawazo yao yote yako kwenye nyumba wanayojenga kwao.

Rafiki yangu alipiga kura Septemba 2023, mara ya kwanza katika maisha yake popote. Uchaguzi ujao ni 2027, na anasema chama kimoja kimeshamgusia kuweka jina lake kwenye orodha ya wagombea udiwani. Nikamuuliza, kwa shauku zangu zote hizi, akiingia ukumbini bahari ataifanyia nini: ataongeza vizimba au atapunguza?

Akasema atafika huko. Kwanza anataka basi la saa nne usiku, maana zamu haingoji ratiba ya mchana, na si kila mtu ana gari.